Shamba la Kiu

Shamba la Mama Kalunde lilitakiwa kuwa kimya, lakini asubuhi ile lilikuwa linaongea.

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya mabua ya mtama wake, sindano imezama udongoni hadi shingoni, kisikilizio kiko sikioni. Tik, tik-tik, tik. Nikaichomoa, nikaifuta kwa upindo wa kanga, nikasogea hatua kumi na kuichomeka tena. Tik, tik-tik, tik. Nilizunguka pembe zote nne, nikarudi katikati, kisha nikakaa chini.

Mlio ule ulikuwa wa utando. Utando ni kuvu, na ni sisi tulioikuza, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Nyanda Kavu, kizazi baada ya kizazi, hadi ikawa na nyuzi nyembamba kuliko unywele na tabia moja tuliyoitaka: masika inakunywa maji na kuyaficha katika vifuko vidogo, kiangazi inayarudisha kwenye mizizi kidogo kidogo. Ikifanya kazi hiyo hutoa umeme mdogo sana, na sindano huugeuza umeme ule kuwa mlio. Kila shamba la mkataba tuliliwekea utando wenye mlio wake, ili uzi ukionekana mahali tujue umetoka wapi. Tulikuwa na mashamba mia tatu na arobaini katika Kata ya Kinyalwa, na milio mia tatu na arobaini.

La Mama Kalunde halikuwemo katika hesabu hiyo, wala sikuwahi kulichoma sindano kabla ya asubuhi ile. Lake lilikuwa shamba la mlinganisho, shamba pekee lililoachwa bila utando kwa makusudi, ili baada ya miaka sita tuyaweke mavuno yake kando ya mavuno ya majirani na kuona utando umefanya kazi gani. Watu wa Kinyalwa hawakuwa na haja ya neno refu kama mlinganisho. Waliliita shamba la kiu.

Sasa nilikuwa nasikia milio tisa chini yake, na yote naijua. Mmoja ulikuwa wa Holo Gindu, ng'ambo ya korongo. Mwingine ulikuwa wa ndugu wawili wasiosemeshana, ambao shamba lao ni moja. Majirani tisa walikuwa humu ndani, wametulia kama wako kwao.

Hapo ndipo nilipouelewa mchoro wa takwimu ulioninyima raha tangu mavuno. Mwaka wa kwanza majirani walivuna mara tatu ya Mama Kalunde. Mwaka wa tatu walimzidi kidogo tu. Mwaka huu, wa sita, walivuna sawasawa, gunia kwa gunia. Anayesoma takwimu zile bila kujua nilichokijua sasa angesema utando ni kazi bure, kwa sababu shamba lisilonao linazaa kama lililo nao. Na watu wawili walikuwa njiani kuja kusema hivyo hivyo, saa nane mchana, katika ofisi ya kata.

Nilijilaumu. Mwaka wa tatu, mavuno yake yalipopanda, niliandika katika ripoti kwamba ongezeko limetokana na "juhudi za mkulima hodari." Daktari mzima wa elimu ya udongo, nikasifia mkono badala ya kuuliza udongo.

*

Lazima niseme jinsi nilivyompata Mama Kalunde, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini nilirudi nyumbani asubuhi ile nikiburuta miguu.

Ubia wetu ulikuwa wa pande tatu. Chuo kilileta elimu, kampuni ya Mizizi Hai ilileta chachu ya kuulisha utando kila mwaka, na serikali ya Mkoa wa Wembere ilileta ruhusa na ulinzi. Kulikuwa na kanuni moja ambayo chuo kiliing'ang'ania, kampuni ikaicheka, na mkoa ukaikubali shingo upande: mtafiti asilale hotelini, alale kwa mkulima. Kwa hiyo miaka sita iliyopita nilisimama mbele ya mkutano wa kata nikiwa na mkoba wangu mkononi, sina pa kulala, na nikawaeleza watu kwamba nahitaji shamba moja likae na kiu.

Mzee mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama mimi ningekubali kushinda na njaa ili wenzangu wapimwe wakiwa wameshiba. Nilishaanza kuwaza namna ya kumwandikia mkuu wa idara kwamba mradi umekufa kabla ya kuzaliwa.

Ndipo mwanamke mmoja wa nyuma, aliyewahi kuwa dereva wa trekta la ushirika na bado ana sauti ya kushindana na injini, akasema, "Leteni hiyo karatasi niweke dole. Nina kazi nyumbani." Alipofika mbele akautazama mkoba wangu. "Na wewe njoo. Hapo ulipo huna kwako."

Tangu siku ile nimelala katika nyumba yake kila msimu. Nimeugua, akaniuguza. Nimefiwa na baba, akanisindikiza hadi kwetu na kurudi nami. Kila nilichokuwa nacho katika elimu, cheo changu na jina langu kwenye majarida, kilisimama juu ya eka zake mbili kavu. Nilimpenda mama yule, na sijui kusema kwa namna nyingine. Mkataba ulimwahidi jambo moja tu: miaka sita ikiisha, shamba lake ndilo litakuwa la kwanza kupewa utando. Ahadi hiyo ilikuwa inaiva mwezi huu.

*

Nilimkuta jikoni akichambua kunde kwenye ungo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeamka na vumbi leo. Umelala shambani?"

Nilikaa kwenye kigoda. "Mama, nani ameleta udongo kwenye shamba lako?"

"Udongo gani? Ule wa shukrani?" Aliniuliza kana kwamba nimemuuliza nani ameleta chumvi. "Si hawa jirani zangu."

Akanieleza bila kuacha kunde zake. Pale Kinyalwa, mtu akikufaa sana, ukishavuna unampelekea debe la udongo kutoka mahali palipozaa vizuri kuliko pote kwako. Zamani, wakati wa ng'ombe wengi, ulikuwa udongo wa zizini. Unaumwaga shambani mwake alfajiri bila maneno, kisha unakunywa uji kwake na kwenda zako. Mwaka ule wa kwanza, majirani tisa walipoona wamejaza maghala na yeye amepata theluthi, walikaa wakasema huyu amekubali kubaki nyuma ili sisi tupewe. Wakabeba madebe. Na kila mwaka wamebeba.

"Mbona sijawahi kuwaona?"

"Utawaona wapi? Wewe ukishapima gunia la mwisho unapanda basi kwenda kwenu likizo. Wao wanakuja wiki inayofuata. Mwaka huu hukuondoka kwa sababu ya kikao chenu, ukaleta sindano yako kabla hawajaja tena, ndiyo maana umewakuta chini."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Hukuuliza." Alitupa jiwe dogo nje ya mlango. "Karatasi yako ina maswali thelathini na moja, nayajua kwa moyo. Umeniuliza nina redio ngapi. Umeniuliza marehemu mume wangu alifika darasa la ngapi. Ulinikataza kumwagilia, sikumwagilia. Ulinikataza mbegu za dukani, sikununua. Hukuwahi kuniuliza nani ananishukuru, na mimi shukrani ya mtu siikatai."

Tulikuwa tumeandaa kinga dhidi ya wizi, panya, mvua za mawe na wakulima waongo, ila hatukuandaa kinga yoyote dhidi ya wema.

Nikamweleza yaliyobaki. Mkataba una kifungu cha kumi na nne: utando wowote utakaokutwa hai nje ya mashamba yaliyosajiliwa lazima uzimwe kwa dawa, na shamba hilo lisipewe utando tena hadi ipite misimu saba. Dawa haiui kitu kingine, ardhi inarudi ilivyokuwa kabla yetu. Nikisema kweli, shamba lake litazimwa. Nikinyamaza, ubia unafungwa leo kwa sababu takwimu zinaonyesha hakuna faida, chachu inakatwa, na utando wa kata nzima unakufa ndani ya misimu miwili.

"Misimu saba," alisema.

"Saba."

"Nitakuwa na miaka sitini na nane."

Mikono yake iliendelea kuchambua, lakini niliona anatupa kunde nzima pamoja na mbovu.

"Njiani nilifikiria njia nyingine," nikakiri. "Niseme shamba lako limeharibika, tuliondoe kwenye hesabu, tusieleze sana."

"Limeharibiwa na nini?"

"Wadudu. Viwavi."

"Viwavi wanaoongeza mavuno." Akaniangalia, na tabasamu la kuchokoza likapita usoni mwake na kuondoka. "Nenda kwenye kikao chako, mwanangu. Nikimaliza hapa nitakuja."

*

Ofisi ya kata ina chumba kimoja, meza moja na kibao cha dole. Kibao hicho ndicho kilichobeba mkataba wetu. Hakikubali kubadilishwa hata nukta mpaka madole matatu yawekwe juu yake kwa pamoja, la chuo, la kampuni na la mkoa, na lazima yawe madole ya watu waliokaa chumba kimoja. Aliyelibuni jambo hilo alijua kwamba watu wakitazamana machoni husita kufanya mambo ambayo kwa barua wangeyafanya haraka.

Injinia Swaumu Mbelwa wa Mizizi Hai alikuwa ameshafika. Alinikumbatia kwa nguvu, nikajua habari ni mbaya.

"Dada Elisifa, mradi huu nimeupenda kuliko ndoa yangu ya kwanza," alisema. "Lakini bodi wameona mistari miwili inakutana. Wananiuliza tunalisha kuvu ya nini, kama yule mama asiye nayo anavuna vile vile. Mimi nimekosa la kuwaambia."

Bwana Ntandu, katibu tawala msaidizi wa mkoa, alivua miwani na kuifuta. Ni mtu wa maneno machache, anayesoma kila karatasi hadi tarehe ya chini. "Mkoa hauna ugomvi," alisema. "Kama haina faida tufunge kwa heshima, tuwashukuru wananchi."

Wote wawili walitazama kibao. Nami niliona wazi jinsi ilivyokuwa rahisi kukaa kimya. Kimya changu kingeonekana kama huzuni ya kawaida ya mtafiti aliyeshindwa. Shamba la Mama Kalunde lingeendelea kunywa msimu mmoja, labda miwili, hadi utando wake nao ukose chachu. Ningerudi kwake jioni tukala, na kusingekuwa na mtu wa kunihukumu. Na kaya mia tatu na arobaini zingeanza tena kuangalia mawingu. Nilitamani niwe na mzani wa kumpima mtu mmoja niliyemjua hadi kikohozi chake, upande wa pili watu wengi niliowajua kwa namba za mashamba. Sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni sindano, nikaiweka mezani.

"Shamba la mlinganisho si kavu," nikasema. "Lina utando. Wameuleta majirani."

Nikawasikilizisha milio tisa iliyorekodiwa ndani yake na kuwaeleza habari ya madebe. Swaumu alisikiliza akiwa ameziba mdomo. Nilipomaliza alishusha mkono, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Kwa hiyo inafanya kazi," alisema. "Madebe tisa kwa mwaka yamegeuza eka mbili. Inafanya kazi kuliko tulivyowaambia watu."

"Inafanya kazi," nikasema.

"Kifungu cha kumi na nne," akasema Bwana Ntandu.

Swaumu alimgeukia kama anataka kumzaba kofi. "Katibu, huyu mama ndiye aliyetubeba. Tukubaliane kulisajili shamba lake leo hii. Madole matatu tunayo hapa."

Nami nilikuwa nimeshanyoosha kidole gumba. Nasema kweli, nilikuwa tayari.

Bwana Ntandu hakupandisha sauti. "Nikiwa na miaka kumi, kisima cha kwetu kiliingiwa na kuvu ya watu waliokuja na nia nzuri. Ilikunywa kisima chote. Mama yangu alitembea saa tatu kufuata maji kwa miaka minne, na wale watu walikuwa wanampenda sana, walimletea hata zawadi. Kifungu hiki nilikiomba mimi. Tukikiruka leo kwa sababu huyu tunampenda, kesho tutakiruka kwa ajili ya nani?" Alivaa miwani yake. "Halafu daktari atuambie. Tukilisajili shamba lile, tutathibitisha kwa bodi na shamba gani? Nani mwingine atakubali kukaa na kiu?"

Mlango ulikuwa wazi, na Mama Kalunde alikuwa amesimama hapo akiwa bado na vumbi la kunde kwenye kanga. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi.

Bwana Ntandu alisimama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kaa." Yeye hakukaa. "Lizimwe."

"Mama," nikaanza.

"Ngoja nimalize. Nilisema mbele za watu kwamba nitakaa na kiu. Sikukaa. Miaka mitano nimekula mtama wa maji na kujiona fundi." Akanitazama kidogo. "Na daktari hapa akaniandika hodari. Basi mlizime, lirudi lilivyokuwa. Hapo mtakuwa na shamba lenu la kiu, la kweli. Anzeni kuhesabu upya."

"Uliahidiwa utando mwezi huu," nikasema. Sauti ilinitoka vibaya. "Ulikuwa uwe wa kwanza."

"Nitakuwa wa mwisho. Bado nitapata." Akasogea karibu na meza. "Mwanangu, hawa tisa walinipa walichokuwa nacho. Nikikaa na shamba langu linaongea huku yao yanakufa, nitawatazamaje? Mimi siwezi kula peke yangu. Tumbo langu halikuzoea."

Swaumu aliuliza kwa upole atakula nini misimu saba akivuna theluthi.

"Watu wanaonishukuru hawataacha kunishukuru. Hilo huwezi kulikataza, hata ukiandika. Waambieni tu wanishukuru kwa sufuria, si kwa debe."

Hapo Bwana Ntandu aliomba kalamu. Kilichofuata kilichukua saa nzima, maana yeye si mtu wa kuandika ovyo. Swaumu alisema kampuni itabaki misimu mingine mitatu na atawaleta wajumbe wa bodi wasikie milio wenyewe. Mimi niliongeza swali la thelathini na mbili kwenye fomu, na kufuta likizo yangu ya baada ya mavuno. Katibu alibishana na nafsi yake kwa sauti, kama inafaa chakula kilichopikwa kutajwa katika mkataba wa serikali, mwishowe akaandika kwamba mkulima wa mlinganisho "anaruhusiwa kupokea shukrani za aina zote isipokuwa zile zinazoingia ardhini." Alituomba tuisome sentensi hiyo mara mbili. Kisha tukaweka madole matatu.

*

Lilizimwa siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi.

Majirani tisa walikuja na kusimama mpakani mikono mitupu, kwa sababu nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Kuwaeleza kulikuwa kugumu kuliko kikao. Hakuna aliyebisha. Holo Gindu aliniuliza tu kama ni yeye aliyemharibia, na nilipomwambia kwamba bila madebe yao tusingejua nguvu ya utando wetu, alitikisa kichwa na kusema bora angebeba maji.

Dawa inapita kwenye mirija, haina harufu wala rangi. Niliisukuma mwenyewe, mstari kwa mstari, nikamkatalia Swaumu aliyetaka kunipokea. Mama Kalunde alitembea kando yangu tangu tuta la kwanza hadi la mwisho, akinionyesha mahali penye mawe nisijikwae. Tulipomaliza nilichomeka sindano pembe zote nne na katikati. Kimya.

Majirani waliondoka mmoja mmoja. Wengine walisema watapika zamu, na kwamba zamu ya kwanza ni ya wale ndugu wawili, ambao sasa wangelazimika kuulizana nani analeta kuni. Bwana Ntandu aliandika tarehe na saa, akatia sahihi. Tukabaki wawili, mimi na Mama Kalunde, tukiitazama ardhi ambayo kwa macho haikuwa imebadilika hata kidogo.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kumwambia habari ya mkutano ule wa kwanza na mkoba wangu, na homa, na msiba wa baba, na kwamba kila shamba litakalonywa katika mkoa huu litakuwa limenywa kwa sababu yake. Lakini nikaweza kusema asante tu, tena kwa sauti ndogo, kisha nikaona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kumnyang'anya kila alichowahi kushukuriwa nacho.

"Samahani, Mama. Labda hata hilo haliruhusiwi."

Mama Kalunde alitazama shamba lake, akanitazama mimi.

"Neno halina udongo," alisema. "Liseme tena, nilisikie vizuri."

Nikalisema tena.